Si kila doa kwenye mfupa wa mtoto ni saratani

Mtoto ameanguka akicheza. Mguu unauma, mzazi anampeleka hospitali, na anapigwa picha ya eksirei. Mfupa haujavunjika, lakini kwenye picha kuna kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: doa jeusi lenye mpaka mweupe, au kinundu kinachochomoza pembeni mwa mfupa. Mzazi anauliza, "Daktari, ni nini hiki?" Jibu atakalopewa linaweza kubadili maisha ya familia nzima.

Jibu likiwa "huenda ni saratani", familia inaweza kuuza ng'ombe au mahindi ya mwaka mzima ili ifike Mwanza au Dar es Salaam, kwa jambo ambalo lingeisha lenyewe. Jibu likiwa "ni jeraha tu la kuanguka", mtoto mwenye saratani ya kweli anaweza kukaa nyumbani miezi mitatu akikandwa kwa maji ya moto, na arudi wakati tiba imekuwa ngumu. Makosa yote mawili hutokea, na yote mawili yanaweza kupunguzwa.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya maafisa tabibu, wauguzi, wataalamu wa mionzi, wahudumu wa afya wa vijijini na wazazi wa Mkoa wa Katavi na mahali pengine penye mazingira kama hayo. Haichukui nafasi ya daktari bingwa. Inaeleza maswali ya kuuliza, dalili za kutuliza moyo, na dalili za kumtuma mtoto mbele bila kuchelewa.

Kwa nini jambo hili ni muhimu Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, ukatengwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu ni Mpanda. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapo. Lakini mtoto anayetoka Karema kando ya Ziwa Tanganyika, Mishamo, Inyonga au Majimoto husafiri njia ndefu kabla hata ya kufika Mpanda, na wakati wa masika safari huwa ngumu zaidi. Akihitaji daktari bingwa wa mifupa au wa saratani za watoto, huenda akalazimika kwenda Hospitali ya Bugando Mwanza, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Muhimbili Dar es Salaam. Iwe kwa basi au kwa treni kupitia Kaliua na Tabora, hiyo ni safari ya siku nzima au zaidi, pamoja na nauli, chakula na mahali pa kulala.

Madaktari bingwa wa kusoma picha za mionzi ni wachache nchini. Kwa hiyo mara nyingi mtu wa kwanza kuiangalia picha ni afisa tabibu au daktari wa kawaida. Akijua mambo machache ya msingi, ataweza kuwatenganisha watoto wanaohitaji safari na wale wanaohitaji kuangaliwa tu.

Jinsi mfupa wa mtoto unavyoonekana

Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, kanuni ni ile ile: kitu kigumu kama mfupa huzuia mionzi na kuonekana cheupe, nyama huonekana kijivu, hewa huonekana nyeusi. Mahali ambapo mfupa umeliwa au nafasi yake imechukuliwa na kitu laini, huonekana doa jeusi ndani ya weupe.

Mfupa mrefu wa mtoto una sehemu zinazofaa kujulikana:

• Shina, yaani sehemu ndefu ya katikati.
• Sehemu pana inayokaribia kiungo. Madoa mengi ya watoto hupatikana hapa.
• Ukanda wa ukuaji, ambao ni mstari mweusi wa gegedu karibu na kila mwisho wa mfupa. Hapa ndipo mfupa unaporefuka. Mtu asiyeuzoea anaweza kudhani mfupa umevunjika.
• Gamba la nje, lililo gumu na jeupe, na utando mwembamba unaolizunguka.

Kabla ya kusema kuna ugonjwa, jiulize kama unachokiona ni ukuaji wa kawaida. Katika kisigino cha mtoto, kwa mfano, kuna kipande cha mfupa kinachoonekana kimejitenga na cheupe kuliko vingine, nacho ni cha kawaida. Ukiwa na shaka, picha ya upande wa pili wa mwili yaweza kusaidia, lakini isipigwe kwa mazoea tu.

Maswali saba ya kuuliza mbele ya picha

1. Mtoto ana umri gani? Magonjwa ya mifupa huchagua umri. Uvimbe mwingi usio na madhara huonekana kati ya miaka 5 na 15. Saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma huwapata zaidi vijana kati ya miaka 10 na 20.

2. Ni mfupa gani, na sehemu gani ya mfupa? Je, ni karibu na goti, begani, kidoleni au taya? Je, ni katikati ya mfupa au pembeni?

3. Mpaka wake ukoje? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mpaka ulio wazi wenye mstari mwembamba mweupe, kana kwamba umechorwa kwa penseli, huonyesha kwamba jambo lenyewe linakwenda polepole na mfupa umepata muda wa kujijengea ukuta. Mpaka usioeleweka, ambapo huwezi kusema doa linaishia wapi, huonyesha jambo linalokwenda haraka kuliko mfupa unavyoweza kujikinga.

4. Gamba la nje ni zima? Linaweza kuwa limesukumwa na kuwa jembamba lakini bado lipo. Hiyo ni tofauti na gamba lililotobolewa.

5. Utando wa mfupa umefanya nini? Mfupa mpya ulio katika tabaka nyingi kama maganda ya kitunguu, au miale inayotoka nje kama ya jua linalochomoza, au pembetatu ndogo pale utando ulipoinuliwa, ni dalili za hatari.

6. Je, kuna uvimbe wa nyama nje ya mfupa? Doa lisilo na madhara kwa kawaida hubaki ndani ya mipaka ya mfupa.

7. Ni doa moja au mengi? Madoa mengi huhitaji uchunguzi zaidi, hata kama kila moja linaonekana la upole.

Hakuna swali moja linalotosha peke yake. Mfupa wenye usaha nao unaweza kuwa na mpaka usioeleweka na maganda ya kitunguu. Ndiyo maana picha husomwa pamoja na mtoto mwenyewe, wala haisomwi peke yake.

Uvimbe wa kawaida usio saratani

Fibroma isiyogeuka mfupa. Hili ni doa la kawaida sana. Huenda watoto watatu kati ya kumi huwa nalo wakati fulani bila kujua. Hukaa kwenye gamba la nje, pembeni mwa mfupa, mara nyingi juu au chini ya goti. Ni la umbo la yai au kama mapovu yaliyoshikana, lenye mpaka mweupe ulio wazi. Haliumi, na hugunduliwa kwa bahati baada ya mtoto kuanguka. Mtoto akikua, mfupa hulijaza wenyewe. Doa dogo la namna hii halihitaji kukatwa wala dawa. Likiwa limechukua zaidi ya nusu ya upana wa mfupa, mfupa unaweza kuvunjika, hivyo daktari wa mifupa aombwe ushauri.

Ostiokondroma. Hiki ni kinundu cha mfupa chenye kofia ya gegedu, kinachochipuka karibu na kiungo na kuelekea mbali na kiungo hicho. Mzazi hukigusa kama jiwe gumu chini ya ngozi. Kwenye picha, gamba na uboho wa kinundu vimeungana moja kwa moja na vya mfupa wenyewe. Hukua pamoja na mtoto na husimama mtoto anapomaliza kurefuka. Kikibana mshipa au neva, au kikiuma, huondolewa kwa upasuaji. Kikiendelea kukua baada ya mtu kuwa mtu mzima, lazima achunguzwe. Katika baadhi ya familia watoto huzaliwa na tabia ya kuota vinundu vingi. Hao wafuatiliwe na daktari wa mifupa.

Kifuko cha maji ndani ya mfupa. Hupatikana zaidi kwenye mfupa wa mkono wa juu karibu na bega, na kwenye paja karibu na nyonga. Huwa katikati ya mfupa, na gamba lake ni jembamba. Mara nyingi hugunduliwa pale mfupa unapovunjika kwa kishindo kidogo tu, kama kurusha jiwe. Kipande kidogo cha mfupa kilichodondoka chini ya kifuko ni alama inayosaidia sana. Mkono uliovunjika hivyo kwa kawaida huunga kama mivunjiko mingine, lakini kifuko chenyewe hakizibi kila mara, kwa hiyo mtoto apigwe picha tena baadaye. Kifuko kilicho karibu na nyonga kina hatari kubwa ya kuvunja paja. Mtoto huyo asikanyage mguu, na apewe rufaa.

Kifuko cha damu. Huvimbisha mfupa kama puto na kinaweza kukua haraka. Si saratani, lakini huharibu mfupa, na kuna aina ya saratani inayofanana nacho. Mpe mtoto rufaa.

Uvimbe wa gegedu vidoleni. Huonekana kama doa jeusi katika mifupa midogo ya mkono, wakati mwingine lenye vitone vyeupe. Mara nyingi hugunduliwa kidole kikivunjika.

Ostioidi ostioma. Ni kiini kidogo sana, chini ya sentimita moja na nusu, kilichozungukwa na mfupa mweupe mzito. Dalili yake ni maumivu makali usiku yanayopungua sana kwa dawa kama ibuprofeni. (Watoto wasipewe aspirini.) Si saratani, lakini mtoto halali, na tiba ipo.

Magonjwa yanayofanana na uvimbe

Katika mazingira yetu, jambo la kwanza kufikiriwa mtoto anapokuwa na homa, maumivu ya mfupa na kukataa kutumia mguu ni maambukizi ya bakteria ndani ya mfupa. Kumbuka: picha ya eksirei inaweza kuonekana ya kawaida kabisa kwa siku 10 hadi 14 za mwanzo. Usingoje picha ibadilike. Mtoto alazwe na aanze dawa mapema. Akichelewa, kipande cha mfupa hufa ndani, na usaha hutoka kwa miezi au miaka.

Mtoto mwenye selimundu yuko katika hatari zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wenye ugonjwa huu duniani. Inakadiriwa kuwa wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Mifupa yao huuma na hubadilika kwenye picha kwa sababu damu haifiki vizuri, na pia hushambuliwa kwa urahisi na bakteria, hasa wale wa jamii ya salmonela. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara na upungufu wa damu apimwe selimundu. Damu pia husaidia kutafuta saratani ya damu, ambayo nayo huanza kwa maumivu ya mifupa kwa baadhi ya watoto.

Kifua kikuu nacho huingia mifupani, hasa uti wa mgongo. Mtoto mwenye mgongo unaopinda, au kiungo kilichovimba kwa wiki nyingi bila joto kali, aulizwe kama nyumbani kuna mtu anayekohoa.

Taya linalovimba: fundisho kutoka Mulago

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye aliona wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari maelfu ya kilometa katika Afrika ya Mashariki na Kusini, wakizuru hospitali na kuuliza kama wahudumu waliwahi kuona watoto wenye taya la namna ile. Waligundua kwamba ugonjwa hufuata maeneo ya joto na mvua, yale yenye malaria nyingi, na haupatikani sana kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Fundisho lake kwetu ni hili: taya la mtoto linalovimba haraka, pamoja na meno yanayolegea, lisidhaniwe kuwa ni jino bovu tu. Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri sana mtoto akifika mapema. Maswali ya hao madaktari watatu yalijibiwa na wahudumu wa hospitali ndogo waliokuwa wamewaangalia wagonjwa wao kwa makini.

Dalili za hatari: mpe rufaa bila kuchelewa

• Maumivu yanayozidi wiki hadi wiki, au yanayomwamsha mtoto usiku.
• Uvimbe unaokua, hasa karibu na goti au bega kwa mwenye miaka 10 hadi 20.
• Homa, kukonda au upungufu wa damu usio na maelezo.
• Mfupa uliovunjika kwa kishindo kidogo tu.
• Taya linalovimba haraka.
• Kwenye picha: mpaka usioeleweka, gamba lililotobolewa, maganda ya kitunguu, miale ya jua, au uvimbe wa nyama nje ya mfupa.

Tuwe waangalifu na neno "alianguka". Karibu kila mtoto ameanguka wiki hii. Kuanguka hakuleti saratani ya mfupa, ila humfanya mtu auangalie mguu kwa mara ya kwanza. Maumivu ya kuanguka hupungua siku hadi siku. Yakizidi baada ya wiki mbili au tatu, mtoto apigwe picha.

Watoto watatu, majibu matatu

Mifano hii imetungwa kwa ajili ya mafunzo.

Mvulana wa miaka 11 kutoka Inyonga ameanguka kutoka kwenye mwembe. Goti limevimba kidogo, na baada ya siku nne anatembea vizuri. Picha inaonyesha doa la sentimita mbili juu ya goti, kwenye gamba la nje, lenye mpaka mweupe ulio wazi. Jibu: fibroma. Mzazi aelezwe, aandikiwe kwenye daftari, aende nyumbani. Arudi kama maumivu yataanza.

Msichana wa miaka 9 kutoka Karema amevunjika mkono karibu na bega akichota maji. Picha inaonyesha kifuko katikati ya mfupa na kipande kilichodondoka ndani yake. Jibu: mkono ufungwe, uunge, kisha picha irudiwe baada ya miezi michache na daktari wa mifupa aione.

Kijana wa miaka 14 kutoka Mishamo ana maumivu chini ya goti kwa miezi miwili. Alikandwa na kuchanjwa chale. Sasa halali usiku. Picha inaonyesha mfupa ulioliwa bila mpaka na miale inayotoka nje. Jibu: rufaa wiki hii, si mwezi ujao.

Picha nzuri na barua nzuri

Picha mbaya huleta jibu baya. Piga picha mbili, moja kwa mbele na moja kwa ubavu. Mfupa mzima uonekane, pamoja na kiungo cha juu na cha chini. Andika jina, tarehe na upande wa kulia au kushoto. Tafuta picha za zamani, kwa maana doa lisilobadilika kwa miaka miwili linatuliza moyo kuliko maelezo mengi. Usirudie picha bila sababu. Mionzi si mchezo kwa mtoto, na mama mjamzito asimshikilie mtoto wakati wa kupiga. Mashine za eksirei nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Picha ikitumwa kwa simu kwa daktari bingwa, funika jina, omba ruhusa ya mzazi, na eleza umri, muda wa maumivu na homa. Mambo hayo hayo yawe kwenye barua ya rufaa.

Usikate uvimbe wala kuchukua kipande cha nyama kwa uchunguzi katika hospitali ambayo haitamtibu mtoto hadi mwisho. Kipande kikichukuliwa mahali pasipofaa, saratani inaweza kusambazwa kwenye nyama nzima, na mguu uliokuwa uokolewe ukakatwa. Kazi hiyo ni ya daktari atakayefanya upasuaji wenyewe.

Wazazi na jamii wafanye nini

• Usikande kwa nguvu, usichome wala kuchanja uvimbe wa mfupa. Waganga wa jadi na wakanda mifupa waombwe kuwaleta watoto hospitali wanapoona uvimbe unaokua.
• Tunza picha za eksirei mahali pakavu, na uzibebe kila uendapo hospitali.
• Uliza: "Hili linahitaji tiba, au kuangaliwa tu? Turudi lini? Dalili gani zitulete mapema?"
• Kama gharama ni kikwazo, onana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuuza mali au kuacha safari.
• Mtoto mwenye kinundu hajalogwa, wala mama yake hakukosea. Aendelee na shule.

Mhudumu naye asimwache mzazi na neno "uvimbe" peke yake. Kwa wengi neno hilo lina maana moja tu, nayo ni kifo. Dakika tano za kueleza, picha ikiwa mkononi, zinaweza kumwokoa mzazi asiuze shamba kwa hofu. Na kwa yule ambaye mtoto wake anahitaji safari, zinaweza kumfanya aianze kesho asubuhi.

Maswali ya kujadili

• Katika kijiji chetu, mtoto mwenye uvimbe wa mfupa hupelekwa wapi kwanza? Kwa nini?
• Ni watoto gani tunaowafahamu wenye usaha unaotoka mfupani kwa muda mrefu, au maumivu ya mifupa ya mara kwa mara? Wamepimwa selimundu?
• Rufaa ikitolewa leo, familia masikini itafikaje Mwanza au Mbeya? Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinaweza kusaidia vipi?